Besi wa Nyuma ya Nyumba ya Bi Orlene

Ludley, Georgia
Jumatatu, 12 Januari

Bi Orlene,

Kwanza nikujulishe kwamba mimi mzima, na samaki hawajafurahishwa na habari hiyo. Leo nimetoa samaki watatu, besi wote, kwenye bwawa la gofu la shimo la saba, nikiwa nimesimama kwenye majani yako nyuma ya nyumba. Huyo wa tatu alikuwa na mdomo wa kumeza kofia. Ratili nane. Tisa, kama angekuwa amekula. Nikambusu puani, nikamrudisha majini. Hawa wa kwenye uwanja wa gofu hatuwali, labda mtu awe na hamu ya kung'aa kama taa kwa zile dawa wanazomwagia nyasi zao.

Naandika barua kwa sababu mwanao Dwayne amesema simu husikii, ati inavuma masikioni kama nyuki ndani ya sufuria. Mimi sijaandika barua tangu shule iliponiandikisha ya kuomba radhi, na ile niliandika kwa kulazimishwa. Kwa hiyo makosa ya herufi yapite tu, usiyashushe kwenye basi.

Nyumba yako iko sawa. Kila Jumatatu, siku yangu ya kupumzika gereji, nafungua mapazia, nafungulia maji ya bomba yasije yakaoza humo ndani, na kiti chako cha barazani nakisogeza kidogo, watu wadhani umeingia ndani mara moja kuchukua chai. Bwana Purvis, yule mlinzi wa nyasi za klabu, alinijia na kigari chake.

"Wewe Treadaway! Leo klabu imefungwa!"

"Ndiyo maana nimekuja, mzee."

"Hayo maji ni ya klabu."

"Na miguu yangu je?"

Akaitazama miguu yangu. Imo kwenye majani ya Bi Orlene Satterfield, nchi huru. Akatema mate, akageuza kigari. Halafu akarudi nyuma kidogo, akasema nikupe salamu.

Jambo lingine. Mti wako wa Krismasi ulikuwa bado umesimama sebuleni na taa zake, kama ulivyouacha siku ile niliyokukuta umeanguka jikoni. Nimeuvua taa, nimeufunga matofali, nimeuzamisha karibu na ukingo. Bwawa la gofu wamelichimba kama bakuli la supu, samaki hana hata pa kuegemea mgongo. Sasa wana nyumba. Ukirudi Pasaka utawakuta wamejaa humo kama watu wa harusini.

Na urudi. Dwayne kanieleza: daktari anasema ukiweza kupanda ngazi mwenyewe kabla ya Pasaka, unarudi kwako. Usipoweza, Dwayne anauza nyumba. Basi panda, bibi. Nyonga ni mfupa tu.

Ni mimi,
Wiley Treadaway, bingwa wa shimo la saba


Macon
22 Januari

Wiley,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nyekundu nisahihishe, ikaisha wino nikiwa katikati ya ukurasa wa kwanza.

Samaki wako nimemkata nusu, kama nilivyokuwa nikiwakata wa marehemu mume wangu Hoyt. Kwa hiyo ana ratili nne. Ratili nne ni samaki mzuri, hahitaji msaada wako. Miaka yote niliyoendesha basi la shule nilikushusha njiani mara mbili kwa sababu ya mdomo huo, naona kutembea hakukukufundisha kitu.

Hapa kwenye nyumba ya wazee kuna ngazi za mazoezi. Ni za mbao, upande mmoja unapanda, upande wa pili unashuka, na kule juu hakuna kitu. Hakuna mlango, hakuna jikoni, hakuna hata paka. Nesi anasimama pembeni ananiambia, "Twende, Mama Satterfield, jifanye unaenda nyumbani." Nikamwambia nyumbani kwangu ngazi zina mahali zinapofika. Akacheka, kisha akanishika kiuno kama gunia la viazi.

Ahsante kwa kunitolea mti. Nilikuwa nikiuwaza, unavyowaka peke yake mchana kutwa.

Safari nyingine niambie maji yalikuwa na rangi gani. Hoyt alikuwa akiingia ndani kuniambia rangi ya maji kabla hajavua viatu, nami nilikuwa namgombeza kwa matope. Habari za Pasaka tutaziona.

Orlene Satterfield


Ludley
Jumatatu, 16 Februari

Bi Orlene,

Maji leo yalikuwa na rangi ya chai ya barafu iliyosahauliwa mezani kutwa. Kule kwenye kina yalikuwa meusi, na upepo ulipopita yakawa kama mgongo wa kambare. Umeridhika? Sasa tuongee mambo ya wanaume.

Ratili kumi na sita. Najua utakata nusu, kwa hiyo nimekwisha kuongeza mapema.

Siri ya ushindi ni kwamba nimepata mbao. Usiniulize wapi, mvuvi haulizwi. Mbao nzuri, pana, nyeupe, zina nguzo zake. Nimezilaza juu ya mti wako wa Krismasi zikawa paa. Sasa jua likiwaka kunakuwa na kivuli chini, na besi anapenda kivuli kuliko mchungaji anavyopenda kuku. Nilitupa funza wa plastiki, yule wa rangi ya tikiti maji, nikamwacha azame polepole mpaka ukingo wa paa. Mshipi ukatembea pembeni. Hakuvuta, alitembea tu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Nikakaza. Bi Orlene, mkono mpaka leo unauma.

Purvis alikuwa anatazama upande wa pili wa bwawa. Akaniuliza kwa sauti, "Umemtoa wapi?"

Nikamjibu, "Mdomoni!"

Nafikiri nitaongeza paa la pili. Mbao zinakuja zenyewe siku hizi. Mtu anazileta mpaka mbele ya nyumba, anazichomeka kwenye majani, anaondoka. Watu wa Ludley wana roho nzuri.

Unapanda ngazi?

Wiley


Macon
27 Februari

Wiley,

Mbao gani nyeupe? Mimi sikuacha mbao nyeupe.

Machi inaingia. Sikiliza, maana hili wewe hulijui na utaharibu. Ukingoni, pale maji yanapofika magotini, utaona duara jeupe chini, kama sahani. Amefagia kwa mkia. Utaona samaki amekaa juu yake haondoki, hata kivuli chako kikimpitia. Utasema, "Mama huyo, analinda mayai." Wote husema hivyo. Si mama. Mama hutaga akaenda zake kwenye kina. Anayebaki ni dume, mdogo, amekonda, hali. Ukimtupia chambo atakiuma, si kwa njaa, anakitoa nyumbani kwake. Na ukimvuta nje, hata kwa muda wa kupiga picha yako ya kujisifu, wale samaki wadogo wanaozunguka watakula kila kitu kabla hujamrudisha.

Hoyt alikuwa akitundika fimbo zake za kuvulia Machi mpaka vitoto viogelee. Wenzake walimcheka. Wewe ni mdogo kuliko wote waliomcheka, kwa hiyo usinicheke.

Ngazi naendelea nazo vizuri. Chakula hapa ni kibaya. Nataka karanga za kuchemsha, zenye chumvi mpaka midomo ikunjane, na hakuna anayeniletea.

Narudia, mbao gani?

Orlene Satterfield


Macon
10 Machi

Bwana Treadaway,

Mimi ni Dwayne Satterfield. Tulizungumza Desemba, na nakushukuru tena kwa ulivyomsaidia mama yangu siku ile.

Dalali wa nyumba ananiambia ameweka bango la INAUZWA mbele ya nyumba ya mama mara tatu, na mara tatu limetoweka. La mwisho alilichomeka kwa saruji. Likaondoka na saruji yake. Jirani ameona kijana mrefu, mwenye kofia nyekundu, akilivuta kuelekea bwawani siku ya Jumatatu.

Sitaki kuingiza polisi. Nakuomba kama mtu mzima mwenzangu uache. Jambo hili ni zito kwetu kuliko unavyojua.

Dwayne Satterfield


Ludley
14 Machi

Bwana Dwayne,

Kofia nyekundu Ludley ziko nyingi. Hata mbwa wa Purvis anayo.

Mimi habari za mabango sizijui. Najua mama yako anapanda ngazi vizuri, kaniandikia mwenyewe. Najua Pasaka haijafika. Mtu anayeuza nyumba ya mama yake kabla ya siku aliyopewa, huko kwenu Macon mnamwitaje? Huku tuna jina lake lakini barua hii inaweza kusomwa na watoto.

Na saruji haikuwa imekauka.

W. Treadaway


Macon
23 Machi

Wiley,

Dwayne amenionyesha barua yako. Alinionyesha kwa sababu alicheka mahali pa saruji, halafu akaenda dirishani akakaa huko muda mrefu. Usimwandikie hivyo tena.

Si yeye. Ni mimi niliyesema iuzwe.

Ngazi nilizipanda Januari. Siku chache tu baada ya barua yangu ya kwanza kwako nilipanda peke yangu, nikashuka peke yangu, wakaleta keki ya dukani yenye maua ya sukari. Daktari akasema niko tayari hata kabla ya Pasaka. Usiku ule Dwayne alikuwa ameanza kupanga siku ya kunirudisha. Nikamwambia amtafute dalali. Alilia, mtu mzima mwenye mvi. Kwa hiyo ukitafuta wa kumpa hilo jina lenu la Ludley, nipe mimi.

Nitakueleza, kisha usinijibu mpaka umeenda kutembea.

Siku ile nilianguka wakati wa kahawa ya asubuhi. Nililala sakafuni nikitazama chini ya jiko, kuna kijiko kule tangu enzi za Hoyt. Nilisikia kigari cha Purvis kikipita nyuma, nikaita. Hakusikia. Nikaita tena baadaye, sauti ikawa haitoki. Kisha nikasikia kitu kikigonga maji. Kimya. Tena, kikagonga. Chambo chako. Nikajua ni Jumatatu, na kwamba ukikosa samaki utakuja mlangoni kuniomba chai, na ukipata utakuja kunitambia. Nikangoja.

Sasa kama ingekuwa Jumanne, Wiley.

Nimekaa na neno hilo tangu Desemba. Naweza kupanda ngazi. Siwezi kupanga siku ya kuanguka.

Sikukuambia kwa sababu najua ungesema utakuja kila siku. Na ungekuja, hilo ndilo baya lake. Ungeiacha gereji. Una miaka kumi na tisa, ungekuwa unaegemea kioo cha dirisha la jikoni kwangu kila asubuhi ukiogopa utakachokiona sakafuni. Bwawa lile umelipenda tangu ulipokuwa unaruka ua kuingia. Sikutaka uanze kuiogopa nyumba iliyo kando yake.

Toa mabango ya watu majini.

Orlene


Ludley
Jumatatu, 30 Machi

Bi Orlene,

Nimekwenda kutembea. Nimefika mpaka daraja la reli nikarudi. Bado nimekasirika.

Ningekuja kila siku. Umesema kweli, ningekuja. Na gereji si kitu, matairi yatakuwepo tu. Ungeweza kuniuliza. Mtu anaulizwa hata kama jibu lake linajulikana.

Basi.

Leo niliingia majini na suruali yangu ya kazi. Maji ya baridi, rangi ya kijani kama chupa. Purvis akanikuta nimezama mpaka kifuani.

"Treadaway, nini tena?"

"Naogelea, mzee."

"Na hilo bango?"

"Nalo linaogelea."

Hakucheka. Akauliza, "Harudi, sio?" Nikamwambia harudi. Akavua viatu, akavipanga na soksi ndani yake vizuri kama mtu anayeingia msikitini au sijui wapi, akaja majini na suruali ya klabu. Tukalipandisha pamoja, lile la saruji. Zito kama dhambi. Tulipolifikisha mbele ya nyumba akaniambia, "Mimi nilipita pale siku ile. Nimefungulia redio." Nikamwambia kigari kile kina kelele. Tukalisimamisha. Limeota ukungu wa kijani, jina la dalali linasomeka nusu, na limeinama upande wa kushoto. Sikulinyoosha.

Mengine mawili yamebaki chini, na hayatoki kwa sasa. Ile sahani yako nimeiona, iko chini yake kabisa. Yuko pale. Mdogo, kama ulivyosema, mkia umechanika kwa kufagia. Niliponyoosha mkono kushika nguzo akaja akaniuma kidole. Ananiuma mimi, Bi Orlene, mtu mwenye ratili mia moja na sabini. Nikarudisha mkono.

Mwambie Dwayne, dalali wake asubiri mpaka vitoto viogelee. Mwambie ni amri ya Hoyt.

Fimbo nimezitundika.

Wiley


Macon
20 Aprili

Wiley,

Nyumba imepata mtu. Mke na mume, Culpepper. Walikuja hapa tukanywa chai. Mke anapenda maua na ana mikono ya kazi. Mume alikuwa karani wa posta, amestaafu, hajui jambo lolote kuhusu maji, nyasi wala paa, na anakiri. Nilimpenda kwa hilo.

Dwayne atakuwa huko Ijumaa kupakia vitu. Mpe ufunguo. Ukimsaidia kubeba kabati utakuwa umeomba radhi, hana haja ya maneno.

Ulikuwa na haki. Nilipaswa kukuuliza. Nilikuwa naogopa usije ukasema ndiyo nami nikakubali.

Sijalia. Naandika neno hilo nione linavyoonekana kwenye karatasi.

Orlene


Ludley
Jumatatu, 11 Mei

Bi Orlene,

Kabati tulibeba. Dwayne ana nguvu kuliko anavyoonekana, na ana mzaha mbaya kuliko wangu. Kijiko cha chini ya jiko tumekitoa, yuko nacho.

Mabango mawili nimeyatoa Jumatatu ya wiki iliyopita. Vitoto vimeondoka, wingu zima jeusi likienda pembeni mwa ukingo, na yule baba nyuma yao, amekonda kama mshipi. Nikamvulia kofia. Purvis hakuwepo, kwa hiyo unaweza kuamini au kuacha.

Sasa nataka kukulalamikia, na safari hii ni kweli.

Leo nimerudi na fimbo. Sikuwa na nchi tena. Majani ya nyuma ya nyumba ni ya watu, nyasi za upande wa pili ni za klabu. Nikasimama ndani ya maji yenyewe, hapa katikati, nikasema atakayenifukuza aje na mashua. Sijatupa hata mara tano, mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mzee na kikombe cha kahawa na ndara za chumbani.

"Habari za asubuhi, kijana."

"Nzuri, bwana."

"Kuna samaki humo?"

Bi Orlene, umeishi na mvuvi. Unajua swali hilo linavyojibiwa. Hata mchungaji wetu hulijibu hivyo hivyo, na Jumapili anahubiri.

"Hamna kitu, bwana. Vyura, na mipira ya gofu."

"Hakuna hata besi?"

"Labda mmoja. Mgonjwa."

"Mbona wewe unavua?"

"Daktari kasema nipate hewa."

Akanywa kahawa yake, ananitazama. Nikaona mabega yanatikisika. Kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagikia ndara, akaita ndani, "Nadine! Njoo, Nadine! Ndiye huyu! Kasema yale yale!"

Mkewe akatoka na unga mikononi. "Kasema vyura?"

"Vyura na mipira ya gofu!"

Nikasimama majini kama mjinga. Mimi. Ikabidi niulize kulikoni.

Mke ndiye aliyenieleza. "Bibi aliyetuuzia, siku tuliyokunywa naye chai. Alituambia, 'Jumatatu moja mtamwona kijana mrefu mwenye kofia nyekundu. Mkimuuliza habari za samaki atawaambia hamna, ni vyura na mipira ya gofu. Msimwamini hata kidogo, na msimfukuze.' Alituambia hivyo hata kabla hajataja bei."

"Tulidhani ndilo sharti," mumewe akasema. "Tukatia sahihi."

Akaniambia nitoke majini nisimame kwenye majani, ni yao sasa, watafurahi. Nikatoka. Mke akaniletea mkate wa moto na siagi. Mume akakaa kwenye ngazi ananiuliza maswali, na maswali yake ni mabaya sana, aliniuliza kama samaki wanalala. Nikamjibu yote. Sikudanganya hata moja, sijui nimepatwa na nini. Nikamwonyesha mti wa Krismasi ulipo. Nikamwambia Machi inatundikwa fimbo, na kwa nini.

Halafu nikapata samaki. Sikumpima.

Kwa hiyo nimekasirika nawe mara ya pili. Unamtega mtu kwa namna hiyo, kwa miezi, kutoka Macon, ukiwa umekaa kwenye kiti? Barua haitoshi kwa hasira hii. Nakuja. Jumapili, baada ya kanisa, Purvis ananiazima gari lake kwa sharti kwamba nisiguse redio. Nakuletea karanga za kuchemsha, zenye chumvi ya kukuua.

Shida ni moja. Nimepiga simu huko kuuliza saa za wageni, na msichana wa mapokezi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikakata simu.

Wataniuliza tena mlangoni. Naomba wewe unifikirie jibu kabla sijafika.

Wiley